Tiketi za watu watano: kupiga hesabu ya maonyesho ya jukwaani London ukiwa na watoto

Mali bila daftari hupotea bila habari, na West End, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho katikati ya London, ni mahali pepesi pa kuipotezea. Bango la kituoni limeandikwa "kuanzia pauni 25". Mzazi mwenye watoto watatu anazidisha kwa tano, anapata 125, moyo unatulia. Akija kufungua ramani ya viti ya Jumamosi mchana, viti vya 25 vimebaki viwili, kimoja nyuma ya nguzo, na vitano vinavyofuatana vinaanzia 70. Hizo ni pauni 350, na bado hajapanda treni, na kitinda mimba hajaona aiskrimu.

Mwongozo huu ni wa familia zinazoishi Uingereza, au zinazokuja kutembelea ndugu, zinazotaka watoto waone onyesho kubwa bila kula akiba ya mwezi. Bei za mifano ni za kupigia hesabu tu, kwa kuwa kumbi hupandisha na kushusha bei kadiri viti vinavyonunuliwa. Mpangilio wa kuamua haubadiliki: siku kwanza, umri wa watoto pili, kiti tatu, jina la onyesho mwisho. Wengi huanza na jina, mtoto akishalishika hawezi kubembelezwa, na hapo mzazi hulipa chochote atakachoambiwa.

Siku ndiyo bei

Maonyesho mengi huchezwa mara nane kwa wiki. Ya mchana kwa kawaida ni mawili, moja katikati ya wiki na jingine Jumamosi. Jumamosi mchana huwa ghali kwa sababu kila mwenye watoto anaitaka. Wiki za mapumziko ya katikati ya muhula (Oktoba, Februari na mwisho wa Mei) nazo ni moto, na Desemba usiseme. Nafuu iko kwenye siku za kati ya wiki wakati wa likizo ndefu: Jumanne au Jumatano usiku, watoto hawana shule kesho yake, na ukumbi bado una viti vya kujaza. Januari na Februari, ukiacha hiyo wiki ya mapumziko, watalii wameondoka, kwa hiyo mauzo ya punguzo la mwaka mpya huwa ya kweli.

Agosti inastahili kuzungumziwa peke yake. Kuna mpango uitwao Kids Week, unaoendeshwa na chama cha kumbi, Society of London Theatre. Unaitwa wiki, lakini huchukua wiki kadhaa za kiangazi. Kanuni yake: kila mtu mzima anayelipa bei kamili anaingia na mtoto mmoja bure, wa miaka 17 au chini, na anaweza kununulia watoto wengine wawili kwa nusu bei. Kwa wazazi wawili na watoto watatu, kiti cha pauni 55:

- wazazi: 2 × 55 = 110
- watoto wawili: bure
- mtoto wa tatu: 27.50
- jumla: 137.50, badala ya 275

Tiketi hufunguliwa mapema kiangazi, na viti vizuri huisha siku zilezile za mwanzo. Anayekumbuka wiki ya kwanza ya Agosti huokota makombo.

Ila neno "bure" lina mtego. Mtoto anaingia bure kwa sababu mzazi amelipa bei kamili ya kiti cha kiwango hichohicho. Vikibaki viti vya pauni 90 pekee, familia hiyohiyo italipa 180 na 45, yaani 225. Onyesho lingine lisilo katika mpango, lenye viti vizuri vya 35, litawagharimu 175. Linganisha jumla ya familia nzima siku zote. Bei ya kiti kimoja haikuambii kitu.

Umri: soma namba mbili

Kila onyesho lina umri unaopendekezwa na umri wa chini wa kuingia. Si kitu kimoja. Wa kwanza ni ushauri, wa pili ni amri: kumbi nyingi kubwa haziruhusu mtoto chini ya miaka mitatu, nyingine minne au mitano, na mlangoni hakuna kubembeleza. Pia kila mtoto anayeruhusiwa anahitaji tiketi yake hata kama atakaa mapajani, maana idadi ya watu ukumbini ni suala la usalama wa moto.

Onyesho la muziki la West End huchukua kama saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni safari ya Tanga kwa basi. Kama wote wako chini ya miaka sita, ziacheni kumbi kubwa kwa sasa. Nendeni zile zilizojengwa kwa ajili yao: Little Angel kule Islington kwa vikaragosi, Unicorn karibu na London Bridge, au Polka kule Wimbledon. Maonyesho yao ya wadogo mara nyingi hayazidi saa moja na tiketi huwa sehemu ndogo ya bei ya West End. Mtoto wa namna hii hatofautishi jina kubwa na dogo. Anataka kuona, kusikia na kwenda msalani kwa wakati.

Kiti: hapa ndipo fedha hupotea

Kumbi nyingi za West End ni za enzi za Malkia Victoria na mfalme aliyemfuata, na zilijengwa kwa ghorofa. Kwenye ramani utaona majina haya: Stalls ni chini, usawa wa jukwaa, Dress Circle au Royal Circle ni ghorofa ya kwanza, Upper Circle au Grand Circle ni ya pili, Balcony ni juu kabisa. Watu hudhani chini ndiko kuzuri. Kwa mtoto, mara nyingi sivyo.

Chini, sakafu huinuka kidogo sana, kwa hiyo mtu mzima mrefu aliye mbele anamfunika mtoto wote. Kumbi nyingi hutoa mito ya kuinulia watoto bila malipo; iombeni mara mnapoingia, kwa sababu huisha. Nyuma kabisa ya Stalls kuna tatizo jingine: ghorofa ya juu inaning'inia kama dari na kukata nusu ya juu ya jukwaa. Kitu kikipaa au mtu akisimama roshani, ninyi mtaona miguu.

Safu za mbele za ghorofa ya kwanza ndizo bora, na bei yake inalijua hilo. Kwa familia, tunachoshauri ni safu za katikati za Upper Circle. Mteremko wake ni mkali, kwa hiyo kichwa cha mbele hakisumbui, na bei huwa imeshuka. Epukeni safu yake ya kwanza: reli ya usalama hukaa sawasawa na macho ya mtoto, na atatazama onyesho zima kupitia chuma au amesimama, jambo ambalo walio nyuma hawatalivumilia. Juu kabisa ni rahisi, lakini ngazi ni nyingi, mara nyingi hakuna lifti, na mwenye kizunguzungu atajuta.

"Restricted view" kwenye tiketi maana yake kitu fulani kinaziba. Uliza ni nini. Nguzo nyembamba pembeni mtu mzima anaiinamia na kuisahau; mtoto hawezi kuinama saa mbili. Kiti cha pauni 25 ambako mtoto haoni jukwaa ni ghali kuliko cha 40, kwa sababu baada ya dakika ishirini mzazi mmoja yuko naye ukumbi wa nje, na tiketi mbili zimekwenda na maji.

Mkikosa vitano kwa mstari, gawanyeni: wawili na watatu, safu mbili zinazofuatana, kila kundi na mtu mzima. Mara nyingi jozi zilizobaki hushushwa bei.

Dirisha gani la kununulia

Anzia tovuti ya ukumbi wenyewe au ya onyesho. Tangu 6 Aprili 2025 sheria ya Uingereza inamtaka muuzaji aonyeshe tangu mwanzo bei iliyojumlisha ada zote za lazima, kwa hiyo kulinganisha kumekuwa rahisi kidogo. Wauzaji wa kati bado hutofautiana. Ukitafuta jina la onyesho mtandaoni, jibu la juu kabisa mara nyingi ni tangazo la muuzaji wa kati, na kiti kilekile kinaweza kuwa na pauni kumi zaidi. Zidisha kwa tano.

Kibanda cha TKTS pale Leicester Square huuza tiketi za punguzo za siku hiyo na siku mbili zinazofuata. Kwa watu wawili ni kizuri. Kwa watano, nenda ukiwa na maonyesho matatu mkononi na uwe tayari kukaa mbalimbali. Bahati nasibu za tiketi, na tiketi za siku hiyohiyo zinazofunguliwa mtandaoni asubuhi, kwa kawaida huishia mbili kwa mnunuzi. Wazazi wawili wakishinda wote ni nne. Mtu wa tano mtamweka wapi?

Mbinu isiyotumika vya kutosha ni ya kundi. Kumbi nyingi hutoa bei ya kundi kuanzia watu kama wanane au kumi. Familia mbili za jumuiya zikiungana, idadi imetimia. Punguzo hili mara nyingi halihusu Jumamosi wala sikukuu. Mtu mmoja alipe na akusanye fedha kabla ya kununua, si baada: tiketi hazirudishwi fedha, na ahadi za WhatsApp haziingizi mtu ukumbini.

Kama kuna mwenye ulemavu katika familia, jisajilini kwenye huduma ya ukumbi kwa wateja wenye mahitaji maalumu kabla ya kununua. Kumbi nyingi hutoa bei pungufu, na mara nyingi tiketi ya bure ya msaidizi. Kuna pia maonyesho yaliyotulizwa sauti na taa, ambako mtoto mwenye usonji anaweza kutoka na kurudi bila mtu kumtolea macho.

Nauli

Watoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima aliyelipa, hadi wanne kwa mtu mmoja. Piteni geti pana, wala msiwapitishe kwa kadi yenu. Wa miaka 11 hadi 15 anahitaji kadi ya nauli iitwayo Zip Oyster, inayompa basi bure na nauli ya mtoto kwenye treni; iombeni wiki kadhaa mapema. Akigusa kadi ya benki analipa kama mtu mzima. Kwa wageni, mwombeni mfanyakazi wa kituo aweke punguzo la vijana wageni kwenye kadi ya Oyster ya kawaida.

Siku za kazi, saa kumi jioni hadi saa moja usiku ni saa za nauli ya juu. Lakini anayetoka nje ya kanda ya 1, yaani katikati ya London, kuingia kanda hiyo katika saa hizo hulipa ya chini. Kwa hiyo kwenda onyesho la usiku ni nafuu, na kurudi kutoka onyesho la mchana saa kumi na moja ndiko ghali. Pandeni basi.

Wanaotoka miji mingine kwa treni waangalie kadi ya Family & Friends Railcard: wakubwa hupunguziwa theluthi moja, watoto wa miaka 5 hadi 15 asilimia 60. Familia ya watano kutoka mbali huweza kurudisha bei ya kadi kwa safari moja. Wenye gari wajue ada ya msongamano katikati ya jiji huisha saa kumi na mbili jioni. Ukiingia baada ya hapo hulipi ada hiyo.

Tumbo na mapumziko

Mapumziko ni dakika 15 hadi 20, na foleni ya msalani hula karibu zote. Mzazi mmoja aende na watoto mara taa zinapowaka, mwingine abaki na aiskrimu. Watano, kila mmoja na kikopo chake, ni pauni 20 au zaidi. Ahidini kitu kimoja kwa kila mtoto kabla ya kutoka nyumbani, aiskrimu au kitabu cha onyesho, na mshikilie hapohapo.

Chakula kamili cha mkahawani kabla ya onyesho kinaweza kufikia nusu ya bei ya tiketi. Kuleni nyumbani, au bebeni sambusa na chapati za kukunja mle kwenye bustani ya Leicester Square au ukingo wa mto. Ndani ya ukumbi, wengi hawataki chakula cha nje. Chupa ya maji kwa kawaida haina shida.

Nje ya West End

Desemba kila mtaa una pantomime: vichekesho, nyimbo, watoto wakipiga kelele kwa ruhusa. Hackney Empire ni maarufu kwa hilo, na kumbi za aina hii mara nyingi zina tiketi ya familia. Maonyesho makubwa huzunguka pia Birmingham, Milton Keynes na Leicester, kwa bei iliyo chini ya London.

Kwa vijana wanaosoma Shakespeare shuleni kuna Globe, ukumbi wa mbao wenye paa la nyasi, la kwanza kuruhusiwa London tangu moto wa 1666. Uani mnasimama, na tiketi za hapo ndizo za bei ya chini. Kukaa chini hakuruhusiwi, mwavuli hauruhusiwi, na mvua haisimamishi mchezo. Fikeni mapema muegemee ukingo wa jukwaa au ukuta wa nyuma. Chini ya miaka kumi, msijaribu.

Siku yenyewe, fikeni nusu saa kabla. Akichelewa mtu anaweza kusubirishwa nje hadi pengo linalofaa, wakati mwingine hadi mapumziko. Na mkimtumia bibi aliyekuja kutoka Mombasa ujumbe wa saa, andikeni kwa njia zote mbili: 7:30 ya kwenye tiketi ya usiku ni saa moja na nusu, wala si saa saba na nusu.