Pampu Ndiyo ya Mwisho: Kuchagua Chujio la Bwawa la Kuogelea Hapa Kigoma

Mama mmoja wa Katubuka alinipigia simu, hata salamu hazijaisha akauliza: "Fundi, pampu ya bwawa ninunue hospawa ngapi?" Alikuwa anajenga nyumba ya wageni. Shimo limeshachimbwa, nondo zimeshasukwa, na kijana wake alikuwa Dar, amesimama dukani anasubiri jibu ili alipe.

Nikamjibu, "Mama, shikamoo kwanza. Halafu mwambie kijana atoke humo dukani."

Simlaumu, karibu kila mtu anaanzia hapo. Pampu ina mlio, ina uzito, ina namba kubwa imeandikwa ubavuni, basi mtu anaona ndiyo mashine yenyewe. Lakini kuanza na pampu ni kununua kamba halafu ukaanza kutafuta ng'ombe wa kuienea. Unaanza na maji, unakuja kwenye saa, ndipo chujio, mabomba, na pampu mwisho kabisa.

Kwenye maji hesabu ni ya darasa la tano. Bwawa la mama lilikuwa mita 10 kwa 5, upande wa kina kifupi mita 1, upande mrefu mita 1.8. Jumlisha hizo mbili ugawe kwa 2, unapata wastani wa mita 1.4. Zidisha: 10 × 5 × 1.4 ni mita za ujazo 70, yaani lita 70,000. Bwawa la duara, chukua kipenyo mara kipenyo mara 0.785 mara kina. Lile lenye umbo la figo, pima upana sehemu nne au tano utafute wastani. Ila pima kwa futi yako mwenyewe, tena kwenye ukuta uliokwisha kupigwa plasta. Usiamini mchoro. Mchoro unasema lake na mchimba shimo anafanya lake.

Saa ndizo zinazobishaniwa. Swali ni hili: maji yote ya bwawa yapite kwenye chujio ndani ya saa ngapi? Bwawa la nyumbani, watu watano wa familia, saa 6 hadi 8 zinatosha. Nyumba ya wageni mimi sikubali zaidi ya 4. Kidimbwi cha watoto ni saa 1 au 2, kwa sababu watoto wanakojoa humo, tusidanganyane.

Mama alitaka 6, akisema ana vyumba vinane tu. Nikamuuliza Jumapili ataruhusu watu wa mjini walipe waingie? Akacheka. Basi ni 4.

Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pampu ikishasukuma lita 70,000 haina maana kila tone limechujwa. Maji yaliyochujwa yanarudi kuchanganyika na yale machafu, kwa hiyo mengine yanapita mara mbili, mengine hayajapita hata mara moja. Mzunguko mmoja unagusa kama asilimia 63 tu ya maji. Ukifika mizunguko mitatu umegusa asilimia 95, minne kama 98. Ndiyo maana mtu akiwasha pampu kwa muda wa saa mbili tu jioni kisha akashangaa asubuhi maji bado yana ukungu, sina la kumwambia isipokuwa hesabu hii.

Gawanya sasa. Lita 70,000 kwa saa 4 ni mita za ujazo 17.5 kwa saa. Ingekuwa nyumbani, kwa saa 6, ingekuwa 11.7. Andika namba yako kwenye karatasi uiweke mfukoni. Ndiyo utakayoingia nayo dukani, siyo hospawa.

Aina za chujio ziko tatu. Lile la unga wa diatomaiti, unga laini wa mabaki ya vimelea vya majini vya kale, linachuja vizuri kuliko yote, hadi maikroni 3 au 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini kila ukiliosha unaongeza unga mpya, na unga huo ukiuvuta kifuani ni hatari. Kwa huku kwetu nimelitoa kwenye hesabu. Katriji, chujio la kitambaa kilichokunjwakunjwa, inashika maikroni 10 hadi 20 na haimwagi maji ya kuoshea, jambo zuri kwa mwenye shida ya maji. Ila inaoshwa kwa mkono, mkunjo kwa mkunjo, na Kigoma kuanzia Juni hadi Septemba vumbi jekundu linapaa mpaka kwenye sahani ya dagaa. Ongeza na watu wanaojipaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kisha wakaruka majini. Mafuta na vumbi vikikutana kwenye katriji unapata kitu kama mfinyanzi. Utaosha kila wiki, na ikichanika unaagiza nyingine kutoka mbali.

Limebaki la mchanga, yaani mtungi uliojazwa mchanga na maji yanapita ndani yake. Linashika maikroni 20 hadi 40, si bingwa, lakini linavumilia. Mchanga wake unakaa miaka mitano na zaidi, na kijana wa bustani anaweza kufundishwa kuliosha kwa siku moja.

Ukubwa wa mtungi unatafutwa hivi. Lebo nyingi zinasema mchanga unabeba mita za ujazo 50 kwa saa kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Hiyo ni namba ya muuzaji. Mimi napangia 30 hadi 40, kwa sababu maji yakipita polepole mchanga unapata nafasi ya kushika uchafu. Kwa mama: 17.5 gawanya kwa 35 ni mita ya mraba 0.5. Mtungi wa kipenyo cha milimita 800 una uso wa 0.5 kamili. Basi, 800. Ingekuwa lile la nyumbani la 11.7, mtungi wa milimita 600 una 0.28, unafika 41 hivi, umezidi kidogo, haina neno.

Wengine wakisikia polepole ni bora wanasema, basi fundi niwekee mtungi mkubwa kabisa. Hapana. Mchanga unaoshwa kwa kurudisha maji kinyume, ndiyo sisi mafundi tunaita bakwoshi, na ili uoshwe ni lazima tabaka lote liinuke, lichezecheze kama wali unapoanza kuchemka. Hilo linataka kasi ya 40 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Pampu ikiwa dhaifu kwa mtungi wake, maji yanatafuta njia moja yanapita hapo, mchanga uliobaki umelala. Niliwahi kufungua mtungi wa 900 uliofungiwa pampu ndogo. Juu palikuwa pamekauka kama ukoko wa sufuria, nywele zimesukana na mchanga, na katikati kuna tundu la kupitisha ngumi. Maji yote ya bwawa yalikuwa yanapita kwenye hilo tundu. Chujio lilikuwepo kwa jina.

Kuhusu mchanga wenyewe, nitasema la aibu yangu. Kazi yangu ya pili, upande wa Ujiji, mchanga wa silika ulichelewa njiani na mwenye bwawa alikuwa na harusi. Nikaenda Kibirizi, nikachota mchanga wa ziwani, nikauchekecha, nikauosha mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Harusi ilipita salama. Wiki ya pili nikaitwa: kwenye sakafu ya bwawa kuna mistari ya mchanga mwembamba, na geji ya presha ya maji imepanda haishuki. Chembe ndogo zilikuwa zinapenya kwenye vidole vya plastiki vilivyo chini ya mtungi, na vipande vya makombe vimeziba vile vilivyobaki. Nilitoa kilo 150 kwa kopo la rangi, nimeinama na kichwa ndani ya mtungi, huku mwenye nyumba amekaa kwenye kiti ananitazama bila kusema neno. Nunua wa silika wa milimita 0.4 hadi 0.8, uliochaguliwa na kufungwa kwenye mifuko kwa kazi hiyo. Na kabla ya kumimina, jaza maji nusu mtungi, ule mchanga ukidondoka usivunje vidole.

Mabomba nayapitia haraka. Upande wa kunyonya maji yasizidi mita 1.5 kwa sekunde, upande wa kurudisha yasizidi 2 na kidogo. Kwa maji ya mama, bomba la milimita 50 lingeyakimbiza mita 3 kwa sekunde. Lingepiga kelele na kula nguvu ya pampu bure. Tukaweka mawili ya 63 ya kunyonya, moja kutoka skima, ile midomo ya ukutani inayonyonya maji ya juu, na jingine kutoka matundu ya chini, na moja la 63 la kurudisha. Matundu ya chini yawe mawili, yaachane kama mita moja, yenye vifuniko vya kuzuia mvuto. Tundu likiwa moja, mtoto akalikalia au nywele zikaingia, pampu inamshika. Hapo sina mjadala na mteja yeyote.

Chumba cha pampu, kwa sababu mji wetu ni wa vilima, watu wanapenda kukificha juu nyuma ya nyumba. Kiweke usawa wa maji au chini yake, karibu na bwawa. Pampu ikiwa juu, kila umeme ukikatika maji yanashuka, na ukirudi inazunguka kavu mpaka sili inaungua. Weka pia kilinda voltiji, na taima yenye betri ndani. Taima isiyo na betri inasimama na umeme, baada ya mwezi unakuta bwawa linachujwa usiku wa manane.

Sasa ndiyo pampu. Kwenye boksi au karatasi yake kuna mchoro wa mstari unaoshuka: kimo upande mmoja, yaani ukinzani ambao pampu inaushinda, unaopimwa kwa mita, na kiasi cha maji upande wa pili. Bwawa la kawaida lenye chujio la mchanga lina ukinzani wa mita 10 hadi 14. Nikachukua 12. Tafuta pampu ambayo kwenye mita 12 inatoa 17.5, na uangalie kwamba mzigo ukipungua wakati wa bakwoshi inafika 20, kwa ajili ya lile tabaka la mchanga kuinuka. Ilikuwa hospawa 1.5. Kijana alikuwa ameshika ya 3. Ile ingesukuma maji kupita uwezo wa mtungi, uchafu ungepenyezwa mchangani urudi bwawani, na Luku ingelia. Hii ya 1.5 inakula kama uniti 15 kwa saa 10. Mwenye uwezo atafute ya kubadili mwendo: ukiipunguza hadi nusu ya kasi inakula karibu sehemu moja ya nane ya umeme, ila siku ya bakwoshi uirudishe kasi yake.

Kuna jambo ambalo karatasi za dukani hazitakuambia, nalo ni maji ya Tanganyika. Ni meupe, unaona mawe chini, mtu anadhani hayahitaji kitu. Lakini yana magadi. pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 9. Klorini kwenye pH 7.5 karibu nusu yake inafanya kazi, kwenye 8.5 inabaki kama sehemu moja ya kumi. Tena ukimwaga klorini ya unga yenye kalsiamu kwenye maji hayo, yanageuka maziwa, na ule weupe ni chokaa inayokwenda kukaa mchangani na kuugandisha. Watu wanalaumu chujio. Shusha pH kwanza kwa asidi, kidogo kidogo siku mbili tatu, ukipima, mpaka 7.2 hadi 7.6. Asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi, na isikutane na klorini kwenye ndoo moja, moshi wake unaua. Baada ya hapo ndiyo klorini ifuate.

Siku ya kuwasha tulisoma geji: bar 0.6. Nikachukua makapeni nikaandika ukutani, "Safi 0.6. Osha 1.1." Nikamwelekeza kijana wa bustani: zima pampu, ndipo ugeuze mkono wa valvu kwenye bakwoshi, maana ukiugeuza pampu inazunguka unakata mpira wake wa ndani. Washa dakika mbili tatu mpaka maji kwenye kioo cha kuchungulia yawe meupe. Zima, geuza kwenye suuza, washa nusu dakika. Zima, rudisha kwenye chuja. Hapo zinatoka lita kama 1,000, kwa hiyo tulikuwa tumeshachimba shimo la kunyonya, mbali na la choo. Waliojenga ufukweni wasiyaelekeze ziwani.

Agosti mama akapiga tena, safari hii salamu zimekamilika. "Fundi, mshale umeshuka, uko 0.3. Si ndiyo vizuri, kumekuwa kusafi zaidi?"

Nikamwambia mshale ukipanda tatizo liko kwenye mchanga, ukishuka chini ya ule wa siku ya kwanza, pampu inakosa maji ya kunyonya. Azime, afunge koki, afungue kikapu kilicho mbele ya pampu. Nikamsikia anamwita kijana, kifuniko kinagoma, halafu kimya.

"Majani ya mwembe," akasema. "Na soksi ya mtoto."