Mbio za saa tatu ukiwa nyumbani Mwanakwerekwe: namna ya kulikabili Assetto Corsa Competizione

Mtu akiniuliza gemu gani la gari linamfaa anayetaka kukaa kwenye usukani kwa saa nyingi, namjibu palepale: Assetto Corsa Competizione. Limetengenezwa na Kunos Simulazioni ya Italia. Toleo kamili la kompyuta lilitoka Mei 2019, la PlayStation na Xbox likafuata 2020. Mimi ni fundi wa tairi hapa Mwanakwerekwe, Zanzibar. Kutwa mikono yangu iko kwenye rimu, pancha na geji ya upepo, na hili ni gemu la mwanzo nililolikuta linaliheshimu tairi kama ninavyoliheshimu mimi. Lina udhaifu wake, na mwengine unauma zaidi ukiwa huku visiwani. Nataka nikutoe kwenye raundi za kujifurahisha mpaka kwenye mbio za saa tatu kamili za Spa, kiwanja cha mbio za gari cha Ubelgiji, na kila pahala gemu lilipo imara au linapolegea nitakwambia hapohapo.

Umeme na vyombo

Tazama uniti za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, kabla hujakaa. Zikiwa chache, nunua kwanza, maana mbio za saa tatu hazimsubiri mtu atoke kutafuta umeme. Baada ya hapo fikiria UPS, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya maana inakula wati 300 na zaidi gemu likipamba moto, na UPS ndogo ya ofisini italia mara mbili tatu kisha izime. Nunua kwa kusoma wati, usinunue kwa ukubwa wa boksi. Kama nyumbani kuna betri za sola au jenereta, dakika kumi za UPS zinatosha kukuvusha.

Jengine ni chumvi. Pedali za usukani wa gemu wa Logitech G29, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, zinapima mguu wako kwa potenshiometa, kifaa kama kile cha kitufe cha sauti cha redio. Hewa ya bahari na vumbi vikiingia humo, breki inaanza kuruka: hujakanyaga, gemu linasema umekanyaga. Ukimaliza kucheza zifunike kwa kanga kuukuu, na kila baada ya miezi michache pulizia ile dawa ya kopo wanayotumia mafundi wa redio kusafishia sehemu zinazogusana. Padi ya mkononi inachezeka, na gemu linajitahidi kuisaidia, lakini kuishika breki kwa kidole saa tatu mfululizo ni kazi ngumu. Usukani wa mtumba unaofanya kazi ni bora kuliko padi mpya.

Hapa unakutana na udhaifu wa kwanza. Gemu limejengwa juu ya Unreal Engine 4, programu ya kutengenezea magemu, na ni zito. Mchana, jua kali, gari kumi, kila kitu kinateleza vizuri. Usiku, mvua, gari thelathini zenye taa zinazong'aa kwenye maji, kompyuta ya wastani inakwama. Kwa hiyo usipime mipangilio ya picha mchana. Weka usiku na mvua kubwa, jaza gari, anza nyuma kabisa, halafu punguza idadi ya gari zinazoonekana, ubora wa vioo vya pembeni na vivuli mpaka picha itulie. Ikitulia hapo, itatulia popote.

Gari na uwanja

Spa-Francorchamps, Ubelgiji, kilomita 7.004 kwa raundi moja. Saa 24 za Spa ndiyo mbio kubwa ya gari za GT3, yaani gari za mbio zilizotokana na gari za barabarani, duniani na ndiyo moyo wa gemu hili. Kama hujawahi kuendesha GT3, siku za mwanzo zunguka Paul Ricard, kiwanja cha Ufaransa, pana na pasipo kuta karibu, kisha hamia Spa. Gari ichukue yenye injini mbele, kama Mercedes-AMG GT3, inakusamehe. Porsche yenye injini nyuma ni tamu mikononi mwa mwenye uzoefu, lakini kwa mbio ndefu za mwanzo itakuchosha.

Kiwanja cha Afrika kipo kimoja, Kyalami cha Afrika Kusini, ila kimo kwenye kifurushi cha nyongeza kinachouzwa mbali. Hilo nalo nalihesabu kwenye kasoro: ukijumlisha vifurushi vyote, bei inazidi ile ya gemu lenyewe. Ngojea punguzo la Steam, duka la magemu la mtandaoni, huwa linakuja mara kwa mara na huwa kubwa.

Upepo wa tairi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza mbio bila ya kujua, na ndipo gemu lilipo imara kuliko yote niliyoyagusa.

Gari ikinijia saa saba mchana imetoka Fumba kwenye lami ya moto, geji inasoma juu kuliko ilivyosoma asubuhi, na upepo haujaongezwa hata kidogo. Joto ndilo lililoupandisha. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hupima tairi likiwa baridi. Gemu linafanya vilevile. Kwenye setapu, yaani mipangilio ya gari, unaweka upepo wa baridi, gari ikitembea unapanda, na unachokitaka ni kwamba baada ya raundi tatu au nne za nguvu usimame baina ya PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 26 na 27 kwa tairi la kukavu. Ukizidi, tairi linavimba katikati, linagusa lami kwa sehemu ndogo, gari inateleza. Ukipungua, mbavu za tairi zinalegea na usukani unachelewa kujibu.

Fanya hivi. Ingia kwenye mazoezi, weka joto la hewa lilelile la mbio zako, endesha raundi nne safi bila ya kuserereka. Raundi ya nne fungua ukurasa wa tairi kwenye kioo kidogo cha taarifa na usome zote nne. Chukua mfano kushoto mbele linasoma 27.4 na kulia mbele 26.5. La kulia liache. La kushoto punguza upepo wa baridi kama 0.8, rudi barabarani, pima tena. Usishangae kwamba la kushoto ndilo lililopanda: Spa inazungukwa kwa mwendo wa saa, kona nyingi kubwa ni za kulia, na gari ikikata kulia mzigo unalalia kushoto. Mtu anayeweka tairi zote nne sawa kwenye uwanja kama huu hajalisikiliza gari lake.

Kisha kuna jua. Mbio zikianza mchana na kumaliza usiku, hewa inapoa na upepo unashuka. Kipimo ninachokitumia ni 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Hewa ikishuka nyuzi kumi, umepoteza PSI nzima. Kwa hiyo kabla ya kuingia piti, pale gari inapobadilishwa tairi na kutiwa mafuta, kwenye ukurasa wa mpango wa piti, ongeza upepo wa seti inayofuata. Gemu linakuruhusu, na asiyefanya hivyo ataona gari imekuwa nzito usiku na atalaumu usukani.

Kitu kimoja kinanisikitisha kama fundi: pancha sijawahi kuipata humo, hata nikipanda kingo za kona kwa nguvu. Injini nayo sijaiona ikifa. Mbio za kweli za saa 24 gari nyingi hurudi gereji kwa mambo hayohayo, na ukimya wa gemu hapo unaondoa hofu ambayo ni haki ya mbio ndefu. Sisi nyumbani tumeweka sharti letu: ukigonga ukuta, unaingia piti kutengeneza, hata kama gari bado inakwenda.

Mafuta

Hesabu ni ya daftari. Tuseme gari yako inakula lita 3.7 kwa raundi na raundi yako ni dakika 2 na sekunde 20. Saa tatu ni dakika 180, yaani raundi 77 na kipande, na kipande lazima ukimalize, kwa hiyo 78. Zidisha kwa 3.7, unapata karibu lita 289. Ongeza raundi ya kujipanga kabla ya kuanza, fanya 293. Tangi la GT3 ni kama lita 120, basi gawa mbio vipande vitatu na uingie piti mara mbili, lita 98 hivi kila kipande. Usijaze tangi mpaka juu eti kwa usalama. Kila lita ni uzito, na uzito unalila tairi.

Breki: pedi aina ya 1 inashika vizuri lakini inaisha mapema, aina ya 2 ni ya safari ndefu. Weka ya 2.

Kuendesha

Tafuta kasi unayoweza kuirudia. Kwenye mazoezi endesha raundi kumi na uandike nyakati zake. Kama baina ya nzuri na mbaya kuna zaidi ya sekunde moja, bado unakwenda mbio kuliko uwezo wako. Rudi nyuma nusu sekunde. Aste aste. Gemu linakuhesabia kila unapotoka nje ya mistari, na maonyo yakirundikana unapewa adhabu ya kupita piti, ambayo inakula muda kuliko wote uliouiba kwenye kona.

Ukicheza mtandaoni, gemu linakubali timu kubadilishana dereva kila mtu akiwa kwake. Ukicheza nyumbani dhidi ya kompyuta hupati mwenzako wa kompyuta wa kukupokea. Mimi na shemeji yangu tunabadilishana kitini. Kubadilisha tairi kunachukua kama nusu dakika, inatosha kama anayepokea ameshasimama ubavuni, miguu mitupu, na kiti hakina magurudumu. Anayetoka ana kazi moja ya mdomo: aseme lami ikoje, mafuta yamebaki mangapi, nani yuko nyuma. Na anayeingia lazima akijue kitufe cha kuwashia injini, maana gari huzimwa ndani ya piti.

Mvua

Mvua ya gemu hili nzuri sana. Inaanza kwa manyunyu, maji yanatuama sehemu fulani tu, na ikikatika njia inakauka pale gari zinapopita, nje yake bado maji. Kioo cha taarifa kinakupa utabiri wa dakika 10 na wa dakika 30. Usome kila unapofika njia iliyonyooka. Ukiingia kwenye tairi la mvua, upepo wake wa moto uwe karibu na 30, pandisha TC, ile inayozuia tairi kuzunguka ovyo ukikanyaga mafuta, washa waipa. Njia ikianza kukauka, pita makusudi kwenye maji kwenye njia iliyonyooka ili kulipoza tairi, na uingie piti pale utakapoona linapanda joto bila ya kushuka.

Wapinzani

Madereva wa kompyuta ni udhaifu mkubwa. Wanafuatana kwenye msururu, raundi ya mwanzo wanashika breki mahali usipotarajia, na ukiwa ubavuni hawakuoni mapema. Kona mbili za mwanzo za Spa waachie nafasi, baada ya dakika tano watatawanyika.

Mtandaoni wapinzani ni watu, lakini seva nyingi ziko Ulaya. Kwangu pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi kwa milisekunde, mara nyingi inavuka 150, na baadhi ya seva haziipokei. Panga orodha kwa pingi kabla ya kupanga kwa idadi ya watu, tumia waya badala ya Wi-Fi, na kaa mbali kidogo na gari ya mbele kwa sababu unachokiona kimechelewa. Ligi za Ulaya zinazoanza saa 2 usiku kwao, kwetu ni saa 3 wakati wa kiangazi chao na saa 4 wakati wa baridi yao. Za saa tatu zikianza saa 4 zinamaliza saa 7 usiku, basi ukijiandikisha chagua zile za Ijumaa au Jumamosi, na umwambie mapema atakayelala chumba cha pili kwamba breki inapigwa kwa mguu.