Dizeli ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi, anza kwa kuangalia moshi

Juni na Julai, Njombe na Makete, gari lililowaka jana mchana bila shida hupigwa stata saa 12 asubuhi likazunguka tu bila kushika. Wengi hukimbilia kununua betri au kushusha nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Kabla hujagusa spana, mwombe mtu apige stata sekunde 10, wewe simama nyuma uangalie ekzosi. Kilichomo humo ndicho kitakachokuambia uanzie wapi.

Maelezo haya ni ya injini za pampu ya kawaida: 1HZ ya Land Cruiser, 2L na 3L za Hilux na nyingine za aina hiyo. Injini hizi hubana hewa zaidi ya mara 20 hadi ipate joto la kuwasha dizeli. Chuma kikiwa baridi hunyonya joto hilo, na kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa yenyewe ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Dar es Salaam. Ndiyo maana ubovu mdogo usioonekana pwani hujitokeza nyanda za juu.

Injini ikizunguka kwa uzito, achana na moshi kwanza. Pima betri kabla ya kuwasha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Pima tena wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6, ama betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Betri ikiwa nzima, safisha vichwa vyake na sehemu waya wa ethi unapofungwa kwenye injini, maana kutu ya hapo hupunguza umeme mwingi. Angalia na oili pia: SAE 40 ya namba moja (isiyo na “W”) huwa nzito mno kwenye baridi, 15W-40 inafaa zaidi.

Ikizunguka kwa kasi na moshi mweupe mzito ukatoka, dizeli inafika ila haiungui. Hapo mshukiwa wa kwanza ni hita plagi, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha. Washa swichi na upime volti kwenye ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote. Usiposoma kitu, tafuta fyuzi kubwa na rilei (swichi ya umeme inayolisha plagi) kabla ya kulaumu plagi. Umeme ukiwepo, zima swichi, fungua ukanda huo na upime kila plagi peke yake. Waya mmoja wa taa ya testa ushike chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha plagi: taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika, isipowaka, plagi imekufa. Kwa maltimita, plagi nzima husoma takriban omu 1 au chini yake kidogo. Injini ya silinda 6 yenye plagi mbili zilizokufa bado inaweza kuwaka, lakini hutetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja hivi kabla ya kutulia. Ukiona hivyo, zibadilishe mapema.

Plagi ifunguliwe injini ikiwa na uvuguvugu, baada ya kupuliziwa mafuta ya kulegeza kutu. Ikikatikia ndani, huenda ukalazimika kushusha silinda hedi. Soma volti zilizoandikwa kwenye plagi, kwa kuwa gari la volti 24 haliingiliani na la 12. Plagi ikitoka ncha imevimba au imeyeyuka, kapimishe nozeli ya silinda hiyo, la sivyo na mpya itaungua.

Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Sikiliza kwenye pampu wakati swichi inafunguliwa: lazima kisikike kitu kikigonga “tak”, ndicho kinachofungua njia ya mafuta. Kikiwa kimya, pima umeme wa waya wake. Kisha toa maji chini ya filta. Pampu ya mkono ya kuvuta dizeli ikiwa laini asubuhi, upepo umeingia na mafuta yamerudi kwenye tangi usiku. Kagua mipira na klipu zote, hata zile zisizovuja, kwani mpira unaweza kunyonya hewa bila kudondosha tone. Isukume pampu hiyo hadi iwe ngumu. Ikishindikana, legeza nati za paipu kwenye nozeli nusu mzunguko (Toyota nyingi ni spana 17), piga stata hadi dizeli iteme, kaza. Usifanye hivi kamwe kwenye injini za D-4D na komon reli (paipu moja ya presha inayolisha nozeli zote): presha yake hupita bar 1,000 na hupenya ngozi.

Usipulizie etha (dawa ya kupulizia ya kuwashia injini) kwenye injini yenye hita plagi, hulipuka ndani ya manifodi, njia ya hewa kuingia kwenye injini. Usiwashe moto chini ya kata (bakuli) ya oili. Stata isizidi sekunde 15, kisha ipumzike dakika moja.

Hita zikiwa nzima, stata ikienda kasi na moshi mweupe ukaendelea, rekebisha valvu na upime kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mwaga kijiko cha oili ndani na upime tena. Namba ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi.