SOMO: Jinsi ya kumwona ndege aitwaye pita msituni (soma kwanza ndo uulize)

Wakuu, meseji ni zilezile kila siku, "nimemsikia pita ila sijamwona". Naandika mara moja tu.

1. Ingia alfajiri.

2. Vaa nguo zilizofifia, zisizochakacha.

3. Jua msimu. Pita wa Afrika anaita sana mvua zikianza, anapozaliana kusini mashariki mwa bara, mvua zikiisha anasafiri usiku kurudi misitu ya ikweta na huko anakuwa kimya, unaweza kumpita mita tatu usijue.

4. Hapa ndo wengi wanaharibu. Ni ndege wa chini kweli, minyoo na konokono anawasaka kwenye majani makavu, lakini akiita anakuwa juu ya tawi, mita kadhaa, anaruka wima kidogo anarudi palepale. Sasa wewe umeinama unakodolea ardhi! Tafuta kwenye matawi ya chini, sogea akiwa anaita, akinyamaza ganda. Ukimkurupusha anashuka anakupa mgongo, na mgongo wenyewe ni kijani, ule wekundu wa tumboni huuoni ng'o. ONYO: usimpigie sauti yake kwenye simu, hasa wakati wa kutaga, anaacha kiota kuja kugombana na adui ambaye hayupo.

5. Asipoita, sikiliza majani. Pita anapindua jani kwa mdomo, kimya, anapindua jingine. Kwale wanaparua kwa miguu. Ukikuta maganda ya konokono yamevunjwavunjwa kwenye jiwe au mzizi, subiri hapohapo, ndo anapogongea.

MASWALI

– Mkuu, muda mzuri ni saa ngapi?
Namba 1.

– Tulienda watu nane tukapiga sauti ya simu nusu saa, hakuna kitu. Somo lako halifanyi kazi.
Somo lipi? Umefanya nilichokataza, tena na kundi zima.

– Mbinu hizi zinafaa na Asia?
Swali zuri hilo. Afrika wapo aina 2 tu, wengine wametapakaa toka India mpaka Australia na Visiwa vya Solomon. Ya majani jaribu popote, ila kule kuruka usikutegemee kwa kila aina.

– Darubini ya kukuza mara 8 (8x) au mara 10 (10x)?
8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Msituni mwanga ni hafifu na 10x inatikisika mkononi. Hakikisha inaona vizuri kitu kilicho mita 2, maana anaweza kutokea karibu na miguu yako.

– Naongezea mkuu, suruali ichomekwe kwenye soksi, siafu hawana msimu.
Kweli kabisa, na Asia kuna ruba, soksi iwe ndefu ya kufika magotini.