Ubavu kwanza, meno baadaye: matairi ya 4x4 kwa barabara za Goma mwaka mzima

Goma tairi hufia ubavuni. Meno yanaweza kuwa bado na milimita kumi, lakini ubavu umeshachanwa na jiwe la volkano, na tairi la bei kubwa linaishia kuwa kiti cha mlinzi getini. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji hadi ziwani Januari 2002, na ile ya Mei 2021 iliyoishia upande wa Buhene, ikishapoa huvunjika vipande vyenye makali ya chupa. Mitaa mingi imekaa juu ya mawe hayo, na kokoto za kujazia mashimo ni hayo hayo yaliyopondwa. Kisha ukifika Sake na kuanza kupanda kwenda Masisi, mawe yanaachia udongo mzito unaoteleza. Njia ya Minova hadi Bukavu inakupa vyote viwili, na lami katikati.

Mvua kubwa ni kuanzia Septemba hadi Desemba, halafu Machi hadi Mei. Hakuna mwenye seti mbili za matairi za kubadilisha kila msimu, kwa hiyo seti moja lazima ibebe mawe, tope na lami. Wengi huchagua kwa kutazama meno. Tunashauri uanze na ubavu.

Soma maandishi kabla ya kuuliza bei

Matairi mengi yenye alama ya DOT (ya viwango vya Marekani) yana maandishi madogo ubavuni yanayotaja tabaka za nyuzi. Utakuta kitu kama TREAD 2 POLYESTER + 2 STEEL + 1 NYLON, halafu SIDEWALL 2 POLYESTER au 3 POLYESTER. Hiyo namba ya SIDEWALL, yaani ubavu, ndiyo unayoitafuta. Kwa Goma chukua 3 ukiipata. Ukikosa, 2 inakubalika kama tairi ni la daraja la LT au lina herufi C baada ya saizi, yaani limetengenezwa kwa magari ya mzigo. Tairi la kawaida la jipu la mjini halina LT wala C, na ubavu wake ni mwembamba hata kama meno yanatisha.

Tofauti ya uzito utaipata ukilinyanyua. Saizi 265/70R17 ya kawaida ina kilo 18 hadi 20 hivi, na LT ya 10PR hufika 23 hadi 25 (PR ni kipimo cha nguvu ya kubeba, si idadi halisi ya tabaka). Uzito huo unalipwa kwa mafuta, na breki zinafanya kazi zaidi. Kwa anayezunguka Himbi na katikati ya mji tu, na kwenda Sake mara moja moja, LT ya 6PR au 8PR inatosha. 10PR ni ya pikapu inayobeba tani, au ya anayekwenda Walikale.

Meno sasa. Aina ya A/T, yenye meno ya wastani, ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi. M/T, yenye meno makubwa na nafasi pana, hutema udongo wa Masisi vizuri, lakini kwenye lami yenye maji gari huchelewa kusimama, hasa kona za kushuka. Pia zile nafasi pana hushika kokoto zinazochimba taratibu kuelekea kwenye nyuzi za chuma. M/T inunuliwe na anayeingia tope kila wiki. Anayeingia mara mbili kwa mwaka anunue minyororo na koleo, atabaki na pesa.

Usiongeze saizi kwa ajili ya sura. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803 hivi, karibu asilimia 3.4 zaidi: saa ya mwendo ikionyesha 100, unakwenda zaidi ya 103. Hilo linavumilika, ila kata usukani hadi mwisho kila upande uone kama tairi halikwaruzi madgadi wala fremu. Kwa Land Cruiser za zamani zinazotumia 7.50R16, saizi 235/85R16 ina urefu karibu sawa, lakini inahitaji rimu ya upana wa inchi 6 au zaidi. Kuilazimisha kwenye rimu ya inchi 5.5 kunabana midomo ya tairi, katikati panavimba, na meno ya katikati yanaisha mapema.

Matairi ya okazioni (yaliyokwisha kutumika)

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka sita, liache, hata kama meno ni mapya. Mji huu uko kwenye mita 1,500 hivi, jua ni kali, na mpira mzee hupasuka nyufa ndogo ndogo chini ya meno na pembeni ya herufi.

Angalia kama kuna picha ya mlima wenye ncha tatu na theluji ndani yake. Alama hiyo peke yake si ubaya, maana kuna A/T nzuri zinazoibeba. Lakini kama meno yote yamejaa mikato myembamba ya kisu, na kucha inazama kwenye mpira kirahisi, hilo ni tairi la baridi kali la Ulaya. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike kwenye barafu. Juu ya mawe yetu unang'oka vipande vipande.

Kisha ingiza mkono ndani na upapase ubavu mzima. Vumbi jeusi la mpira, au mstari wa kijivu unaozunguka ubavu kwa ndani, ni ushahidi kwamba tairi limewahi kuendeshwa bila upepo wa kutosha. Nyuzi zimeshachoka, litapasuka siku ya mzigo.

Na chunguza meno yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto. Kati ya meno panapaswa kuwa na vidaraja vidogo vya mpira, kwenye usawa wa herufi TWI au kialama cha pembe tatu begani. Vidaraja hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Kama mfereji unapita bila kidaraja chochote, mchongaji amevikata, na chini yake pamebaki mpira mwembamba sana. Kuchonga kunaruhusiwa kwenye matairi ya lori yaliyoandikwa REGROOVABLE tu.

Upepo

Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe; vile vya vituo vinatofautiana sana. Kibao cha mlangoni ndicho msingi, lakini kiliandikwa kwa matairi ya kiwandani. Ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda LT, ongeza bar 0.4 hadi 0.6, kwa sababu LT inahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule. Hili linasahauliwa sana, halafu mtu analalamika kwamba tairi jipya limekula mabega.

Kujua kama umepatia: endesha nusu saa hadi saa moja kwa mwendo wako wa kawaida, simama, pima tena. Upepo ukipanda kwa bar 0.3 hadi 0.4, uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo kwa mzigo huo: ubavu unajikunja kupita kiasi na kuzalisha joto. Usitoe upepo kwenye tairi la moto ili kurudisha namba. Ngoja lipoe, kisha ongeza.

Juu ya mawe ya lava, shusha hadi bar 1.8 au 2.0 kwa gari lisilo na mzigo mkubwa, na usizidi kilomita 30 kwa saa. Tairi lililojazwa hadi kukakamaa halijifinyangi juu ya jiwe: nguvu yote inakaa kwenye ncha moja na nyuzi zinakatika. Ukishusha mno, ubavu unatokeza nje na kukutana na makali, au unabanwa kati ya jiwe na rimu, na unapata matundu mawili yanayotazamana kama alama za meno ya nyoka. Ndiyo maana kwenye mawe hatushuki chini ya 1.8.

Kwenye tope unaweza kwenda 1.5, hata 1.2 ukiwa umekwama kweli. Chini ya 1.0 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata usukani. Ukifika lami, jaza kabla ya kuongeza mwendo. Kompresa yenye vibanio ifungwe moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwaka. Zile za tundu la sigara zinaweza kuunguza fyuzi.

Kuna madereva wanaosema kushuka mteremko wa Ngomo, kutoka Bukavu kwenda Uvira, "kunakula" upepo. Kweli kipimo kitapungua, lakini ni bar 0.08 hivi kwa tofauti ya mita 700 na kitu, na joto la bondeni linairudisha. Kama umepoteza 0.3, una msumari.

Namna ya kukanyaga jiwe

Jiwe lenye makali likanyage kwa meno, polepole, tairi lipande na kushuka. Kosa ni kulikwepa kidogo hadi lipite kando ya ubavu. Hapo ndipo linapochana. Dereva wa usukani wa kulia na wa kushoto wanatofautiana kwa hili: upande usiouona ndio unaoumia, kwa hiyo tairi la mbele la abiria likaguliwe kwanza kila jioni. Gurudumu likianza kuzunguka bure juu ya mawe, ondoa mguu mara moja. Sekunde chache za kuzunguka hung'oa vipande vya meno ambavyo vingedumu miezi.

Kwa kwado (fundi wa kuziba matairi)

Tundu la msumari kwenye meno, lisilozidi milimita 6, linazibwa kwa meshi (kamba ya mpira inayosukumwa tunduni) na unaendelea na safari. Ukitaka lidumu, tairi livuliwe na kuwekwa kiraka chenye kikonyo kwa ndani. Ubavu hauzibwi kwa meshi, hata fundi akiapa. Ile kazi ya kushona ubavu, kuweka kipande cha tairi kuukuu ndani na tyubu juu yake, inaweza kukufikisha nyumbani. Tairi hilo liwekwe nyuma, kamwe lisikae mbele, na baadaye libaki spea ya mjini.

Ukiona nundu ubavuni, nyuzi zimeshakatika ndani. Hakuna kiraka cha hapo, badilisha.

Zungusha matairi yote matano, pamoja na spea, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Gari lenye 4x4 ya kudumu haliwezi kuvumilia tairi moja jipya kati ya matatu yaliyoisha: tofauti ya meno ikipita milimita 3, difu ya katikati (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi bila kupumzika na mafuta yake yanaungua. Spea ijazwe bar 0.3 zaidi ya kawaida, kwani ni rahisi kutoa kuliko kuongeza porini. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu livuliwe.

Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa baada ya safari ya Masisi, usikimbilie kulipa balansi. Lala chini utazame ndani ya rimu: tope lililokaukia upande mmoja linatosha kabisa kutikisa gari. Lichokoe kwa kijiti, osha kwa maji mengi, jaribu tena.

Kwa lami tu, tairi linaweza kutumika hadi karibu na vile vidaraja vya milimita 1.6. Kwa tope la Novemba, likifika milimita 4 halipandi tena mlima wowote, kwa hiyo badilisha Agosti, kabla mvua hazijaanza.