Uhunzi wa nyumbani kwa fundi chuma wa Lubumbashi

Kazi ya tupa na msumeno hupunguza chuma. Nyundo ya mhunzi hukihamisha tu. Kwa hiyo piga hesabu ya ujazo kabla ya kukata: chuma cha mraba cha mm 12 kikifuliwa hadi mm 6, sm 5 zinakuwa karibu sm 20.

Kwa tanuru, tamburi ya freni ya kamyo inatosha. Itoboe ubavuni, ingiza bomba la hewa la mm 40 la chuma kitupu. Bomba lenye zinki likipata moto hutoa moshi unaoleta homa. Ndani kandika udongo wa kichuguu na mchanga, ukauke kivulini siku kadhaa. Ukiwasha ungali mbichi, unapasuka.

Kwa fuawe, tafuta kipande cha reli cha sm 50 (chenye karatasi za kuonyesha hakikuibwa, tafadhali) ukisimamishe wima, uzito wote ukae chini ya nyundo. Kikilazwa kinadunda na kula nguvu zako. Nyundo iwe ya kilo 1, na kingo za uso wake uzisage ziwe mviringo. Kingo kali huacha mikato inayogeuka nyufa.

Anza na kulabu. Kisu kisubiri.

Weka makala kina cha sm 15, chuma kilale katikati, juu ya mdomo wa hewa, si mbele yake. Chuma chenyewe kikirusha cheche nyeupe, kimeungua: kata ncha hiyo, haiponi. Fanya kazi kivulini, maana jua huficha rangi na utapasha kupita kiasi. Fua kikiwa cha chungwa, rudisha motoni kinapofifia kuwa chekundu cha giza.

Ncha hufuliwa mraba kwanza, ukigeuza robo kila mapigo machache, kisha pembe nane, mwisho duara. Hapa ndipo mafundi wazoefu hukosea: wakikazania duara tangu mwanzo, ngozi inatangulia, moyo unabaki, ncha inapasuka katikati.

Ukifikia resori (chuma cha springi ya gari), ili iwe ngumu pasha mpaka sumaku isishike, ongeza kidogo, zamisha kwenye mafuta ya kupikia yenye joto la nyuzi 50 hivi. Maji huipasua. Kisha iweke ndani ya furu kwa nyuzi 200 saa moja, la sivyo itavunjika kama kioo.

Shaba ni kinyume: ipashe iwe nyekundu, itumbukize majini, inalainika.