Mapezi ya Samaki wa Beta Yakioza, Anza na Maji Kabla ya Dawa

Kwanza hakikisha ni uozo kweli. Ukingo wa pezi huwa mweusi, wa kahawia au mweupe wenye utando, na pezi huzidi kupungua. Pezi lililochanwa na ua la plastiki huacha mkato safi usio na rangi ngeni. Hapo ondoa hilo ua, weka maji safi, basi.

Bakteria wa uozo, kama Aeromonas na Pseudomonas, wamo majini siku zote. Hupata nafasi samaki akidhoofishwa na uchafu au baridi, na Nairobi mara nyingi hivyo viwili huja pamoja.

Hatua ya 1: Pima maji. Amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, ziwe 0. Kama beta wako anaishi kwenye bakuli la lita mbili lisilo na filta, jibu unalo tayari. Mtafutie tanki la lita 15 au zaidi.

Hatua ya 2: Badilisha maji. Siku ya kwanza toa nusu, kisha robo kila siku, ukivuta uchafu wa chini kwa mpira. Chomoa hita kabla ya maji kupungua, isije ikapasuka. Sponji ya filta isuuze kwenye maji uliyotoa tankini, kamwe si chini ya bomba, maana klorini itaua bakteria wazuri wanaokula amonia.

Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini, au yaache kwenye ndoo wazi siku nzima. (Mgao wa maji una faida yake hapa: wengi wetu tuna dramu la akiba.) Ila maji ya kisima na ya boza ni habari nyingine. Mengi yana floraidi nyingi kuliko ya bomba, na kuhama ghafla kutoka haya kwenda yale humshtua samaki mgonjwa. Shika chanzo kimoja mpaka apone.

Hatua ya 3: Joto. Beta asili yake ni Thailand, anataka nyuzi 26 hivi. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi karibu nyuzi 10 nje, na nyumba ya mawe haimsaidii. Weka hita na kipimajoto, upandishe polepole, nyuzi moja kila baada ya saa chache. Maji mapya yapashe kwenye ndoo kwa kuchanganya na ya birika, yalingane na ya tanki ndipo uyamimine. Stima ikipotea, zungushia tanki blanketi lakini acha juu pawe na nafasi, kwa sababu beta hupanda kuvuta hewa.

Hatua ya 4: Chumvi. Tumia chumvi tupu, isiyotiwa iodini wala kitu kingine: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwa lita 5. Iyeyushe pembeni kwanza. Ukitoa robo ya maji, rudisha robo ya chumvi tu. Usipitishe siku 10.

Jani kavu la mkungu, ule unaoangusha kungu kote Pwani, ni nyongeza nzuri. Lioshe ulitumbukize, maji yatageuka rangi ya chai na hayatamdhuru. Halitibu uozo uliokolea, kwa hiyo usiliache lichukue kazi ya ndoo.

Hatua ya 5: Dawa. Ikiwa wiki imepita na pezi bado linapungua, au wekundu umefika mwilini, muone daktari wa mifugo anayejua samaki. Usifungue kapsuli za binadamu ukakisia kipimo. Ukipewa dawa ya kutia majini, toa mkaa kwenye filta kwanza, la sivyo mkaa utaifyonza yote.

Pezi jipya huota bila rangi, jembamba na angavu. Wengine huliona wakadhani ni uozo mpya, wakaongeza chumvi. Wakati huo unatakiwa kuipunguza: haipotei hewani, hivyo endelea kubadilisha maji bila kurudisha nyingine.